Vikapu Kumi na Viwili vya Makombo

Mtakatifu Yohane, katika sura ya 6 ya Injili yake, anasimulia muujiza wa mikate ambao Wakristu wanaujua tangu siku zao za katekismu. Mikate ilikuwa mitano, samaki wawili, na watu waume yapata 5,000. Yohane peke yake ndiye asemaye kwamba mikate ile ilikuwa ya shayiri, yaani mikate ya watu maskini, tena ilitoka mikononi mwa kijana mdogo. Wote wakala, wakashiba. Mara nyingi mahubiri huishia hapo, kwani habari ya kushiba huwapendeza wasikilizaji. Lakini Injili inaendelea. Watu walipokwisha kushiba, Bwana Yesu aliwaagiza wanafunzi wake wapite katika majani na kuyaokota makombo yote, maana hakutaka chochote kiharibike. Wakapita, wakajaza vikapu kumi na viwili.

Jambo hili linastaajabisha. Yeye aliyeweza kuwalisha watu 5,000 kwa mikate mitano alikuwa na haja gani na makombo? Kesho yake angeweza kuizidisha mikate tena. Mtu wa kawaida, kama angekuwa na uwezo huo nyumbani mwake, angewaachia kuku na mbwa. Bwana hakufanya hivyo. Mkate uliobarikiwa haukanyagwi, hata ukiwa mwingi kupita kiasi. Yafaa pia kuwatazama wale waliookota. Ni mitume wenyewe, watu ambao baadaye wangekuwa nguzo za Kanisa, nao wameinama majanini, kikapu mkononi, mbele ya macho ya watu maelfu. Hakuna aliyesema kwamba kazi ile ni ya aibu.

Basi, habari hii ya makombo inaingiaje katika nyumba ya mkristu wa leo, huko Bukavu au Kalemie, Kindu au Lubumbashi? Kabla ya kumfundisha mtu kupunguza matumizi, yafaa kwanza kutazama kama anacho cha kupunguza. Wako watu wenye mishahara mizuri wanaopenda kuwakemea maskini wakisema, “Hawa hawajui kutunza fedha.” Wasemao hivyo hawajapata kusimama sokoni saa kumi na mbili jioni pamoja na mama mwenye fedha ya siku moja tu. Mama huyo hununua unga kwa kopo, mafuta ya mawese kwa kikombe kidogo, chumvi katika kijikaratasi, na makala katika fungu la kupikia mara moja. Kila kitu anachokinunua kwa kipimo kidogo kinamgharimu kuliko kama angekinunua kwa gunia. Yeye mwenyewe analijua hilo vizuri kuliko mwalimu ye yote wa hesabu. Anajua kwamba bei za mafungu yote yatokayo katika gunia moja la makala, zikijumlishwa, zinaipita bei ya gunia zima. Lakini gunia lataka fedha yote kwa siku moja, na fedha yake huja kidogo kidogo na kutoka vivyo hivyo. Kumwambia “Nunua gunia” ni kama kumwambia mtu mwenye njaa apande mchikichi.

Papa Leo wa XIII aliliona jambo hili. Katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891 alimsifu mfanyakazi anayeweka akiba ili awe na mali kidogo iliyo yake mwenyewe. Lakini alitanguliza neno jingine, kwamba mshahara wenyewe uwe wa haki, umtoshe mtu pamoja na mke na watoto wake. Mpango huo wa maneno si wa bure. Bwana anayechelewesha mishahara miezi mitatu, kisha akawahubiria wafanyakazi wake habari ya akiba, imempasa aanze kujihubiri mwenyewe.

Hata hivyo akina mama wameona njia. Wawili au watatu wanaokaa katika lupango moja huchanga fedha yao, wakanunua gunia moja la makala, wakaligawanya wote wakiwapo, kwa kipimo kimoja, bila mtu kugeuza uso. Vivyo hivyo kwa unga na kwa maharagwe. Kazi hiyo haihitaji benki. Inahitaji majirani wasioibiana, nao si rahisi kupatikana kila mahali. Kwa hiyo amri ya saba ya Mungu ina kazi yake hata katika bei ya makala.

Nabii Hagai, aliyehubiri Yerusalemu mwaka 520 kabla ya Kristu, aliwafananisha watu wa siku zake na mtu anayepokea mshahara wake na kuutia katika mfuko wenye matundu. Mfano huu unafahamika bila maelezo. Tundu la mfuko lina tabia moja: halionekani mfuko ukiwa umejaa. Siku ya mshahara nyumba nyingi hufurahi. Nyama hununuliwa, deni moja au mawili hulipwa, rafiki hukaribishwa. Ikifika tarehe 15, baba na mama hutazamana na kuulizana fedha imekwenda wapi, wala hakuna anayeweza kujibu, kwa sababu kweli hakuna ajuaye.

Dawa ya kwanza ni daftari la shule na kalamu. Kwa mwezi mmoja, mume na mke waandike kila jioni yote yaliyotoka mikononi mwao siku ile: unga, sabuni, pikipiki, yuniti za simu, sigara, sadaka ya Misa, fedha aliyopewa shemeji, biskuti ya mtoto aliyelia njiani. Wasigombane kwanza, waandike tu. Mwezi ukiisha, wakae wawili, watoto wakiisha kulala, wajumlishe. Watu waliofanya hivyo hushangaa. Walifikiri kwamba mali yao huliwa na mambo makubwa, kama kodi ya nyumba au ada ya shule. Wanakuta kwamba mambo makubwa yanajulikana na kupangiwa, na yale yasiyopangiwa ndiyo yanayowaangusha. Franka 1,000 kwa siku si kitu machoni pa mtu. Kwa mwaka ni franka 365,000. Chupa mbili za bia kila Jumamosi ni pumziko la haki kwa mtu wa kazi, ndivyo asemavyo mwenyewe; kwa mwaka ni chupa 104. Mtu aziweke chupa hizo zote uani kwa mawazo, kisha aziulize kama zingetosha kumlipia mtoto mwaka mmoja wa masomo ya sekondari. Tangu Septemba ya mwaka 2019 masomo ya shule za msingi za serikali yamefanywa kuwa ya bure katika Kongo, lakini mlango wa sekondari bado unafunguliwa kwa fedha, na watoto wengi huishia mlangoni.

Hapa yafaa kusema wazi kwamba waume wengi hawalipendi daftari hilo. Wanaliogopa kama mtu mwenye jino bovu anavyoogopa koleo. Sababu ni kwamba mke hajui mshahara wa mumewe. Wawili hao walisimama mbele ya padri wakaahidiana maisha yao yote, Kanisa likawaita mwili mmoja, lakini karatasi ya mshahara haikuingia katika ndoa ile. Hivyo huzaliwa maneno kama haya.

“Baba, unga umekwisha, na mtoto wako amerudishwa kutoka shuleni.”

“Mama, si unajua mwezi huu ulivyo.”

“Mwezi huu ulivyo siujui, baba, kwa sababu hujaniambia.”

Mume akikasirika kwa jibu hilo, ajiulize kama hasira yake ni ya mtu aliyetukanwa au ya mtu aliyegunduliwa. Na katika mashauri ya namna hii kuna udhalimu mwingine uliozoeleka. Wazungumzapo habari za matumizi ya bure, wanaume hutaja upesi vitenge vya wake zao, nguo ya sikukuu ya tarehe 8 Machi, nywele na viatu. Ni kweli kwamba vitenge vinaweza kupita kiasi. Lakini kitenge huonekana mchana, huvaliwa miaka, na kikichakaa hubebea mtoto. Bia hunywewa gizani, na asubuhi haiko. Ndiyo sababu mwenye kitenge hushitakiwa, na mnywaji huketi pamoja na waamuzi.

Mzee mmoja mmoja atajibu hivi: “Maneno ya akiba ni mazuri, lakini katika nchi hii wenye akiba ndio waliolia.” Jibu hilo lisidharauliwe, kwani lina historia. Siku ya Noeli ya mwaka 1979, serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazitumiki tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekwa. Wenye kuficha noti zao chini ya godoro, na wale waliokaa mbali na mji, walibaki na karatasi. Mwaka 1991, huko Kinshasa, michezo ya fedha iliyowaahidi watu faida kubwa kwa siku chache ilianguka pamoja na fedha za wengi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, na moja tu ilihesabiwa sawa na zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 franka ikarudi, na franka moja ikawa sawa na zaire mpya 100,000. Mtu aliyekuwa ameweka akiba ya maisha yake katika zaire za kale, na akazitunza kwa uaminifu wote, angehitaji zaire 300,000,000,000 ili apate franka moja. Watoto walioyaona machozi ya wazazi wao walijifunza kwamba fedha yapasa kuliwa siku ile ile ipatikanapo. Leo wao ni baba na mama, na somo lile wamelishika.

Lakini somo lile lafundisha tu kwamba karatasi si ghala. Halifundishi kwamba kula vyote ni hekima. Yosefu mwana wa Yakobo, alipomshauri Farao katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, hakumwambia akusanye fedha. Alimwambia atenge sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe, na ngano ikawekwa ghalani ndani ya miji. Akiba ya Misri ilikuwa chakula. Mkristu wa Kongo aweza kufahamu neno hili upesi: mbuzi ni akiba, mabati yanayonunuliwa moja moja ni akiba, cherehani ni akiba, shamba la muhogo linalongoja ardhini ni akiba isiyobadilishiwa noti siku ya Noeli. Ada ya shule inayolipwa mapema, siku ya mshahara wenyewe, nayo ni akiba, kwa maana hakuna shemeji awezaye kuja kuiazima.

Iko pia likelemba, ambayo watu wetu waliijua bila kufundishwa na mgeni. Watu kumi wanapatana kutoa franka 5,000 kila mmoja kwa juma, na kila juma mmoja wao anapokea franka 50,000. Baada ya majuma kumi kila mtu ametoa sawa na alichopokea. Mtu asiye na subira atauliza faida iko wapi. Faida ni kwamba fedha iliyokuwa ikija kwa matone imekuja mara moja kama ndoo iliyojaa, na yule mama wa soko sasa anaweza kununua gunia. Ubaya wa likelemba nao unajulikana: yule aliyepokea kwanza huanza kuugua juma la tatu, na juma la nne amesafiri. Kwa hiyo watu wanaofahamiana katika shirika la msingi, waliosali pamoja na kuzikana pamoja, ndio wanaofaa kuanza. Wala wasiwe wengi, na zamu ya kwanza wasimpe yule anayeitaka kwa kelele.

Sasa linakuja swali ambalo kama halikuulizwa, mafundisho yote ya akiba yanaweza kumpeleka mtu pabaya. Akiba hii ni ya nani? Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 12, yuko tajiri aliyejua sana kutunza. Hakupoteza kitu. Mavuno yalipozidi, alikusudia kuvunja ghala zake apate kujenga kubwa zaidi. Mungu alimwita mpumbavu, akafa usiku ule ule. Kosa lake halikuwa ghala. Katika maneno yote aliyoyasema moyoni mwake hakumtaja mtu mwingine hata mmoja, wala mke, wala mtoto, wala jirani, wala mfanyakazi aliyevuna. Bakhili naye hupunguza matumizi. Lakini hupunguza ya wengine. Huondoa mboga katika sahani ya watoto na kuacha nyama katika yake. Mgeni akibisha hodi, moto wa jikoni unazimwa. Mtu wa namna hiyo asijifiche nyuma ya vikapu kumi na viwili.

Wakristu wa kwanza walikuwa na njia yao, nayo ni ya kustaajabisha kwa wepesi wake. Katika kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Roma katika karne ya pili, mkristu anafundishwa kwamba siku ya kufunga ale mkate na maji tu, kisha ahesabu bei ya chakula ambacho angekula siku ile, na fedha hiyo ampe mjane, au yatima, au mtu mwenye haja. Ahesabu! Hakuachiwa kusema tu kwamba amefunga kwa ajili ya Mungu. Ilimpasa kujua ni kiasi gani, na kiasi hicho kiwe kimetoka nyumbani kabla jua halijachwa. Papa Mtakatifu Leo Mkuu, katika karne ya tano, aliwahubiria Warumi vivyo hivyo, kwamba kinachoondolewa mezani kwa mfungo kiende kwa maskini. Mkristu anayeacha bia siku zote za Kwaresima, kisha siku ya Pasaka akanunua kreti nzima kwa fedha iliyobaki, ameahirisha tu kunywa.

Wengi wameona pia kwamba fedha ya bure haitumiwi hasa kwa tamaa, ila kwa haya. Mtu peke yake, chumbani mwake, anaridhika na bugali na sombe na ndakala. Matumizi huanza pale macho ya watu yanapoingia. Mtoto wa miaka kumi amejua sala zake na katekismu yake, padri amemkubali, lakini hapokei Komunyo ya kwanza mwaka huu, kwa nini? Nguo nyeupe haijanunuliwa, na karamu haijapatikana, na mama anaogopa majirani. Hivyo Bwana wa Ekaristia anangojeshwa na fundi cherehani. Kanisa halikudai nguo mpya wala karamu. Parokia yaweza kutunza nguo nyeupe katika sanduku na kuwaazima watoto mwaka hata mwaka, kama inavyotunza kanzu za watumishi wa Misa, wala hakuna anayewacheka watumishi wa Misa kwa kuvaa kanzu isiyo yao. Ndoa nazo ni vivyo hivyo. Watu wawili wanakaa pamoja miaka minane bila sakramenti, wakiwa na watoto wanne, wakisema kwamba wanatafuta fedha ya arusi. Padri angewafungisha ndoa katika Misa ya asubuhi pamoja na mashahidi wawili. Wanajua. Wanawaogopa watu 200 ambao watakula, watasema chakula hakikutosha, na kwenda zao.

Hakuna mahali ambapo haya hiyo inaumiza kama katika matanga. Katika jamaa nyingi jambo hili limeonekana kwa macho. Baba anaugua. Daktari anaandika dawa na kipimo, fedha haipatikani. Ndugu wanatumiwa habari, kila mmoja anajibu kwamba mwezi huu ni mgumu, wala hawasemi uongo. Mgonjwa anakufa. Kabla ya siku mbili kupita, fedha imetokea: jeneza lenye vishikio vinavyong’aa, magari, mahema na viti vya kukodi, vipaza sauti, vitenge vya namna moja kwa ukoo wote, bia kwa watu ambao marehemu hakuwajua. Fedha ile ilitoka wapi? Ilitoka katika mifuko ile ile. Ugonjwa wa baba ulikuwa chumbani, hakuna aliyeuona. Maziko yako mbele ya mji mzima. Matanga yakiisha, wageni huondoka, na mjane hubaki na deni, na watoto wanaohesabu ni nani kati yao atakayeacha shule. Pengine wakati huo huo jamaa za mume wanakuja kuulizia nyumba.

Mtu asidhani kwamba shida hii ni ya siku za leo tu. Kanisa la Afrika ya kaskazini lilikuwa nayo miaka zaidi ya 1,600 iliyopita. Wakristu wa huko walikuwa na desturi ya kupeleka uji, mkate na divai katika makaburi ya mashahidi na ya wafu wao, na kula na kunywa hapo. Wengi walirudi nyumbani wakiyumbayumba. Mtakatifu Augustino, alipokuwa bado padri mjini Hippo, alimwandikia Aurelio, askofu wa Karthago, akimsihi aisaidie nchi kuacha ulevi huo makaburini. Hakutaka watu waache kuwakumbuka wafu. Alishauri sadaka kwa ajili ya wafu zisiwe za kujionyesha, na wenye kutaka kutoa fedha wawape maskini pale pale. Mwaka 395 alihubiri Hippo juu ya jambo hilo siku kadhaa mfululizo, na watu walinung’unika sana, wakisema kwamba wazee wao waliotangulia hawakukatazwa.

Mama yake mwenyewe, Mtakatifu Monika, alikuwa na desturi hiyo. Alipomfuata mwanawe Milano, alikwenda siku moja makaburini na kikapu chake cha uji, mkate na divai, kama alivyozoea kwao. Hakuwa mlevi, Augustino anasimulia kwamba alichukua kikombe kimoja kidogo, chenye divai iliyotiwa maji, akikipitisha kutoka kaburi hata kaburi na kuonja kidogo pamoja na wenziwe. Bawabu akamzuia, akamwambia kwamba askofu Ambrosi amekataza. Mama mtu mzima, mgeni, mcha Mungu, anarudishwa mlangoni na bawabu! Wengine wangeitia parokia nzima katika ugomvi. Monika alirudi na kikapu chake. Tangu siku ile alipeleka makaburini moyo uliojaa sala, na kile alichokuwa akikitia katika kikapu akawapa maskini, kadiri alivyoweza.

Iko desturi moja ambayo haikumtoka upesi. Alikuwa ametengeneza kaburi lake huko kwao Thagaste, kando ya kaburi la mumewe Patrisi, na kwa miaka mingi alishughulika sana nalo, kwa kuwa alitaka watu waseme kwamba hata baada ya kuvuka bahari alijaliwa kulala karibu na mume wake. Mwaka 387, akiwa njiani kurudi Afrika pamoja na wanawe, alishikwa na homa katika bandari ya Ostia. Alikuwa na miaka 56. Mmoja wa wanawe alisema ingekuwa heri afe katika nchi yake, si ugenini. Mama alimtazama kwa jicho la kumkaripia. Kisha aliwaambia wote wawili wauzike mwili wake mahali po pote, wasijisumbue juu yake. Aliomba jambo moja tu, kwamba wamkumbuke kwenye altare ya Bwana, po pote watakapokuwa.

Siku ya tisa ya ugonjwa wake alifariki. Kijana wa Augustino akalia kwa sauti, wakamtuliza, na rafiki mmoja akachukua kitabu cha Zaburi akaanza kuimba, na nyumba yote ikamwitikia. Mwili ukapelekwa, ukawekwa kando ya kaburi, na Sadaka ya Misa ikatolewa kwa ajili yake kabla hajashushwa. Kisha wakamzika hapo Ostia, ng’ambo ya bahari, mbali na kaburi alilokuwa amelitayarisha.